Sahihi milioni moja hazitoshi kubadili Katiba ya Kenya

Kila mjadala wa katiba unapopamba moto Kenya, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: sahihi milioni moja zikishapatikana, Katiba imebadilika, na anayepinga amechelewa. Si kweli.

Sahihi hizo, ambazo lazima ziwe za wapiga kura waliosajiliwa, huanzisha safari tu. Zinahakikiwa kwanza, kisha mswada unapelekwa kwenye mabunge ya kaunti zote 47. Usipoidhinishwa na angalau 24, haufiki Bungeni. Na ukigusa mambo mazito, kwa mfano muhula wa Rais au uhuru wa Mahakama, lazima wananchi wapige kura ya maoni. Hapo angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti wanapaswa kujitokeza, na wanaounga mkono wawashinde wanaopinga.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Milioni ni idadi ya kutisha ukiisikia, na wengi hudhani kutia sahihi ni sawa na kupiga kura. Aliyetia sahihi huenda alitaka suala lijadiliwe tu. Siku ya kura bado anaweza kusema hapana. Kuungwa mkono na wakubwa nako si ushindi: mwaka 2005 rasimu iliyopigiwa debe na serikali yenyewe ilikataliwa.

Kwa hiyo ujumbe huo usiusambaze, hata kwa kuuliza “jamani, hii ni kweli?” Fungua Katiba, soma vifungu vya 255 hadi 257. Ni vifupi.