GPA ya 3.8 haimfanyi mtu mwalimu

Kigezo cha kuanza kufundisha chuo kikuu Tanzania kinajulikana: GPA (wastani wa alama, kati ya 5) isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza, na 4.0 kwenye shahada ya umahiri (masters). Kijana huingia akiwa Mkufunzi Msaidizi, yule ambaye wanafunzi humwita TA. Akipata umahiri anakuwa Mhadhiri Msaidizi, akipata uzamivu (PhD) anakuwa Mhadhiri, na kuanzia hapo anapanda daraja kwa machapisho hadi uprofesa. Mwalimu wa sekondari husomea ualimu na kwenda mafunzo kwa vitendo kabla ya kukabidhiwa darasa. Mhadhiri huajiriwa kwa sababu alifaulu vizuri somo lake. Mbinu za kufundisha, akibahatika, atazipata kwenye semina ya siku chache, huku tayari yuko kazini.

Kwa sisi tunaoshughulika na uhakiki wa ubora, malalamiko ya wanafunzi mengi chanzo chake ni hapo. Mzazi anayetaka kujua ubora wa chuo huuliza kina maprofesa wangapi. Swali hilo si baya, ila wakati huo mwanawe wa mwaka wa kwanza anafundishwa na Mhadhiri Msaidizi.

Na huyo tumtazame kwa karibu. Ana kozi mbili tatu, mojawapo ya wanafunzi mia nne. Kila anapotoa testi, anabeba vijitabu mia nne vya majibu kwenda navyo nyumbani. Maswali ya insha anayaacha, anatunga ya kuchagua jibu, kwa sababu hayo ndiyo atakayoweza kuyasahihisha kabla matokeo hayajadaiwa. Slaidi anazotumia alirithi kwa aliyemfundisha yeye, na mifano haijabadilishwa. Usiku anaandika uzamivu wake. Ukimwita mvivu utakuwa umemwonea.

Tulifikaje hapa? Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007, vyuo binafsi vikaongezeka, na vijana ambao zamani wangeishia kidato cha sita wakapata nafasi. Hilo ni jambo la heri. Lakini jengo la madarasa huinuka kwa miaka miwili mitatu, ilhali Mkufunzi Msaidizi wa leo, hata mambo yakimnyookea, atahitaji kama miaka kumi na tano kufika uprofesa. Pengo hilo hujazwa na wale wa madaraja ya chini na walimu wa muda wanaozunguka chuo hadi chuo.

Kenya ilijaribu njia ya amri. Mwaka 2014 tume yao ya vyuo vikuu ilitaka kila mhadhiri awe na uzamivu, na waliokuwa kazini bila shahada hiyo wakapewa miaka mitano. Muda ukafika, wengi bado hawana. Amri haimpunguzii mtu vipindi.

Kilichosaidia zaidi ni mipango inayombeba mtu akiwa ameajiriwa. Kwa miongo kadhaa Sweden, kupitia shirika lake la Sida, ilifadhili wahadhiri wa Dar es Salaam kusoma uzamivu wakigawa muda kati ya hapa na kule. CARTA, mpango wa vyuo vya Afrika wa kusomesha watafiti hadi uzamivu, ulioanza 2008 ukiongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, huwaweka watafiti wa afya katika kundi moja, wakapitia pamoja semina za wiki kadhaa tangu kuandika pendekezo la utafiti. Mradi wa HEET nao, wa kuboresha elimu ya juu Tanzania kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, una fungu la kusomesha wahadhiri. Binafsi nauona utaratibu wa kundi kuwa bora, maana anayesoma peke yake akikwama hana wa kumwuliza, na msimamizi wake huenda ana wanafunzi wengine kumi. Ila ufadhili wowote ni nusu ya dawa kama idara haimpunguzii mhusika kozi.

Upande wa machapisho tuwe wakweli. Daraja likipimwa kwa idadi ya makala, watu watatafuta makala, na yapo majarida yanayochapa chochote ndani ya wiki mradi umelipa. Makala mawili yenye kazi ya kweli yapewe uzito kuliko manane ya aina hiyo.

Kuhusu kufundisha kwenyewe, njia ya bei nafuu kuliko zote ni mwenzako kukaa nyuma ya darasa lako. Mwangalizi mzuri haangalii slaidi. Anaangalia mhadhiri akiuliza swali anasubiri kwa muda gani kabla ya kujijibu mwenyewe. Wengi hawasubiri hata sekunde mbili. Wakionyeshwa hilo baada ya kipindi, wengine hucheka, halafu hubadilika.

Fomu ambazo wanafunzi humtathmini mhadhiri nazo huletwa mwisho wa muhula, wakati baadhi ya vyuo humzuia mwanafunzi kuona matokeo mpaka ajaze. Anabonyeza alama ya juu, tano, tano, tano, apite. Fomu hiyo iletwe wiki ya tano, ya maswali matatu, isiyofungwa na matokeo, na mhadhiri asimame darasani wiki ya sita aseme atarekebisha nini.