Baruti Imenyamaza, Mwamba Haujapona

Mvuvi wa mshipi humjua chewa kwa tundu lake. Chewa mkubwa hukaa pangoni palepale, na akivuliwa, mwingine huja kushika nafasi yake. Bomu la baruti linalolipuliwa majini kuua samaki huvunja mwamba, haliachi pango la kurithiwa. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka ieleweke, maana wengi wakisikia uvuvi wa baruti huhesabu samaki waliokufa tu.

Mlipuko unapotokea majini, mshindo wake husafiri mara nne na zaidi ya kasi yake hewani. Humpasua samaki kile kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, na wengi huzama badala ya kuibuka. Mpigaji huokota wanaoelea na wachache anaoweza kuwazamia. Wengine huoza chini, pamoja na vifaranga ambavyo havikuwa na bei kwa mtu yeyote.

Matumbawe nayo huvunjika yakawa kifusi. Hapa ndipo wengi huuliza: si yataota tena? Kichanga cha tumbawe huelea majini kikitafuta mahali pagumu, palipotulia, kijishike. Kifusi hakitulii. Kusi ikivuma, mawimbi hukiviringisha na kuvisaga vichanga vilivyokwisha kujishika. Matumbawe ya matawi hukua upesi, lakini yale makubwa kama majabali huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka. Jabali la urefu wa mita 1 limeanza kabla babu zetu hawajazaliwa, na likishapigwa ndiyo basi.

Tanzania Bara baruti imetumika tangu miaka ya 1960, ingawa sheria iliikataza mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikarudia katazo hilo. Kwa miongo mingi milipuko ilisikika Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara. Operesheni za pamoja za vyombo vya dola, hasa kuanzia 2016, zilipunguza sana mabomu hayo. Ni kazi kubwa na inastahili shukrani. Lakini mwamba uliovunjwa zamani ungali kifusi, tena uliokwisha kudhoofishwa na joto la bahari la mwaka 1998, lililoyafanya matumbawe mengi ya pwani yetu yapauke na kufa. Ukiuburuzia kokoro, ule wavu wa kukokota, ukiutupia nanga, au ukichimba matumbawe ya kuchoma chokaa, unarudisha nyuma kile kidogo kilichoanza kuota.

Mnunuzi naye ana nafasi yake. Samaki wa bomu nyama yake hulegea na kuharibika mapema. Mpasue: utaona damu imevilia tumboni, matumbo yamechanika, mara nyingine uti wa mgongo umeachana na nyama au umevunjika, na hana alama ya ndoana wala ya wavu. Ukimkuta hivyo, usimnunue. Mwarifu afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa diko lako siku hiyohiyo, kabla hajauzwa akaliwa na ushahidi ukapotea.