Kaunti ya McDowell, West Virginia: Makaa ya Mawe, Ardhi na Kura

Kila uchaguzi wa rais wa Marekani unapomalizika, vyombo vya habari huonyesha ramani ya nchi hiyo ikiwa imepakwa rangi mbili, na watazamaji huambiwa kwamba miji mikubwa ni ngome ya chama cha Democratic na vijiji ni ngome ya chama cha Republican. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila humfanya msomaji aamini kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu zamani na kwamba wakazi wa vijijini wote ni wa asili moja na wana mawazo yaleyale. Katika makala hii tunaichukua kaunti moja tu, McDowell, iliyo kusini kabisa mwa jimbo la West Virginia, kwa sababu historia yake inayapinga yote mawili. Watu wake wamehama chama zaidi ya mara moja katika muda wa miaka mia moja, na kila walipohama, suala lililowasumbua lilikuwa lilelile: nani ana mamlaka juu ya ardhi na makaa ya mawe yaliyo chini yake, na nani atahakikisha kwamba familia inapata riziki.

McDowell imo katika safu za milima ya Appalachia, mpakani na jimbo la Virginia. Iliundwa mwaka 1858, wakati eneo hilo lilikuwa bado sehemu ya Virginia, na ikaingia katika jimbo jipya la West Virginia mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makao yake makuu ni mji mdogo wa Welch. Mabonde ni membamba, miteremko ni mikali, na tambarare za kulima ni chache mno, kwa hiyo kaunti hii ni ya vijijini bila kuwa ya wakulima. Jambo hilo lifahamike mapema, maana wengi wetu tukisikia kijiji cha Marekani hufikiria mashamba makubwa ya mahindi na ngano.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kaunti 47 zilizotokana na Katiba ya 2010, kila moja ikiwa na gavana na bunge lake, hatakuta muundo kama huo hapa. McDowell ni moja kati ya kaunti 55 za West Virginia, na gavana ni wa jimbo zima, naye hukaa Charleston, mji mkuu wa jimbo. Kaunti yenyewe huongozwa na makamishna watatu wanaochaguliwa kwa vipindi vya miaka sita. Pamoja nao wananchi huchagua sherifu, ambaye katika jimbo hilo husimamia usalama na pia hukusanya kodi, mthamini wa mali, karani wa kaunti, mwendesha mashtaka, na bodi ya elimu yenye wajumbe watano. Viongozi hao wana mamlaka finyu, na bajeti yao hutegemea sana kodi za mali na mgawo wa kodi inayotozwa kwa thamani ya makaa yanayochimbwa.

Mwaka 1880 kaunti nzima ilikuwa na watu 3,074. Miaka michache baadaye reli ya Norfolk and Western ilipenya milimani kufuata makaa ya eneo la Pocahontas, ambayo yalisifika kwa kutoa moto mkali na moshi kidogo, na ambayo yalifaa kutengenezea koki, yaani makaa yaliyookwa ya kuyeyushia chuma. Wawekezaji kutoka Philadelphia na miji mingine ya mashariki walikuwa wamekwisha kununua ardhi na haki za madini kwa bei ndogo. Makampuni yakajenga vijiji vizima, yakiwa na nyumba, makanisa, shule na maduka. Kampuni ya chuma ya U.S. Steel ilijenga mji wa Gary, uliopewa jina la mwenyekiti wake. Mchimbaji aliishi katika nyumba ya kampuni na mara nyingi alilipwa kwa sarafu za kampuni zilizokubaliwa katika duka la kampuni tu, hivyo mgogoro wowote wa kazini ulikuwa pia mgogoro wa makazi na wa chakula. Kufikia mwaka 1950 wakazi walikuwa 98,887.

Watu hao walitoka wapi? Wengine walikuwa Wazungu waliozaliwa milimani humo, wengine wahamiaji kutoka Italia, Hungaria na Poland, na sehemu kubwa walikuwa Wamarekani Weusi waliotoka Virginia, North Carolina, Alabama na majimbo mengine ya kusini. Katikati ya karne ya 20 Wamarekani Weusi walikaribia robo ya wakazi wote. Ajira haikuwa mvuto pekee. Ingawa shule zilitenganishwa kwa rangi kisheria, West Virginia haikuwanyang'anya raia Weusi haki ya kupiga kura kama yalivyofanya majimbo ya kusini, na katika McDowell kura zao zilikuwa nyingi kiasi cha kuamua mshindi. Katika mji wa Keystone, M. T. Whittico alihariri gazeti la McDowell Times, naye ndiye aliyeeneza msemo wa kuiita kaunti hiyo dola huru ya McDowell. Kabla ya miaka ya 1930 wapiga kura Weusi walikuwa wafuasi wa Republican, chama cha Abraham Lincoln, na kwa muda mrefu kaunti hiyo ilikuwa mikononi mwa chama hicho.

Kutokana na siasa hizo alitokea Minnie Buckingham Harper. Mume wake, mjumbe wa Bunge la Wawakilishi la jimbo, alipofariki, kamati ya chama ya kaunti ilimpendekeza mjane huyo, na Januari 1928 gavana akamteua kumalizia kipindi. Akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuketi katika bunge la kutunga sheria nchini Marekani. Kwa maoni yetu, jina lake linastahili kujulikana zaidi miongoni mwa wasomaji wetu, kwa kuwa linaonyesha kwamba ushiriki wa Weusi katika siasa za Marekani haukuanza na harakati za miaka ya 1960, wala haukuwa wa mijini peke yake.

Hata hivyo uhuru huo wa kura uliishia penye geti la mgodi. Wamiliki walipinga vikali chama cha wafanyakazi wa migodini, United Mine Workers, na wakaajiri walinzi wenye silaha kutoka shirika la Baldwin-Felts. Mei 1920, katika mji wa Matewan ulioko kaunti jirani ya Mingo, mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, alikuwa upande wa wachimbaji katika mapigano ya risasi yaliyowaua watu 10, saba kati yao wakiwa walinzi wa shirika hilo. Mwaka uliofuata aliitwa Welch kujibu mashtaka mengine, na tarehe 1 Agosti 1921, akipanda ngazi za mahakama ya Kaunti ya McDowell bila silaha, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na rafiki yake Ed Chambers. Wauaji walikuwa watu wa Baldwin-Felts, na hakuna aliyetiwa hatiani. Hasira iliyotokana na mauaji hayo ilichangia kuwakusanya maelfu ya wachimbaji walioshika silaha mwishoni mwa mwezi huo na kupigana katika mlima Blair, uasi mkubwa kuliko wote wa wafanyakazi katika historia ya Marekani.

Mabadiliko ya chama yalikuja na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Serikali ya Franklin Roosevelt ilipitisha mwaka 1933 sheria iliyotambua haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama vyao, na katika muda mfupi wachimbaji wa kusini mwa West Virginia walijiandikisha kwa wingi. Weusi na Weupe, wenyeji na wahamiaji, waligeukia chama cha Democratic, na utii huo ukarithiwa vizazi kwa vizazi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa nguzo ya utii huo, kwa kuwa kiliwafundisha watu namna ya kupiga kura, kiliwapatia matibabu na pensheni, na kiliwakutanisha watu ambao nje ya mgodi walisali na kusoma mahali tofauti.

Nguzo hiyo ilianza kutikisika wakati kaunti ilipokuwa imefikia kilele cha idadi ya watu. Mwaka 1950 kiongozi wa chama cha wafanyakazi, John L. Lewis, alitia saini mkataba ambao kwa kweli ulikubali mashine ziingie migodini, na badala yake wale watakaobaki kazini wapate mishahara bora na mfuko wa huduma za afya. Mashine za kuchimba mfululizo zikafanya kazi ya watu wengi. Mafuta na gesi asilia vilichukua nafasi ya makaa majumbani, na injini za dizeli zikaondoa treni za makaa relini. Wachimbaji Weusi, ambao mara nyingi walipewa kazi za mikono za kupakia makaa, waliachishwa kabla ya wengine, na wengi wakaelekea Cleveland, Detroit na miji mingine ya viwanda. Kufikia 1970 idadi ya wakazi ilikuwa imepungua kwa karibu nusu tangu 1950, na katika miaka ya 1980 U.S. Steel ilipofunga migodi yake ya Gary, pigo la pili likafuata. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 19,111 tu.

John F. Kennedy aliiona hali hiyo alipokuwa akigombea kura za mchujo za West Virginia mwaka 1960, na ushindi wake dhidi ya Hubert Humphrey ulimfungulia njia ya kuteuliwa na chama cha Democratic. Baada ya kuapishwa, alianzisha mradi wa majaribio wa stempu za chakula, yaani hati za serikali za kuwasaidia maskini kununua chakula, na familia ya kwanza nchini kuzipokea chini ya mradi huo ilizipokea katika Kaunti ya McDowell, tarehe 29 Mei 1961. Mpango huo ukawa wa kudumu kisheria mwaka 1964, na leo unawalisha mamilioni ya Wamarekani. Uliokoa watu na njaa, na hilo si jambo dogo, lakini haukurudisha kazi, na ardhi ikabaki mikononi mwa makampuni.

Mwaka 2008, Barack Obama alishinda McDowell kwa asilimia 53 hivi ya kura, katika kaunti ambayo kwa wakati huo zaidi ya wakazi wanane kati ya kumi walikuwa Weupe. Miaka minne baadaye alishindwa vibaya humo na Mitt Romney wa Republican, na mwaka 2016 Donald Trump wa chama hichohicho alipata takribani robo tatu ya kura. Wapo wanaoeleza mgeuko huo kwa ubaguzi wa rangi peke yake. Ubaguzi upo na haufai kupuuzwa, lakini peke yake hautoshi kueleza kwa nini kaunti ileile ilimpa Obama ushindi wa kwanza. Kati ya mwaka 2008 na 2016, kanuni za mazingira na bei ndogo ya gesi asilia viliibana sekta ya makaa, na makampuni yakatumia fedha nyingi kuwashawishi wachimbaji kwamba serikali kuu imewatangazia vita. Machi 2016 Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais kwa chama cha Democratic, akieleza mpango wake wa kupeleka nishati safi katika maeneo ya migodi, alisema kwamba wachimbaji wengi na makampuni mengi ya makaa watakosa shughuli, na sehemu hiyo ya kauli yake ndiyo iliyosambaa. Katika kura za mchujo za Democratic za mwaka huohuo, Bernie Sanders, mkosoaji mkubwa wa matajiri, alishinda kaunti zote 55 za jimbo, McDowell ikiwemo.

Makaa yanayochimbwa McDowell siku hizi ni hasa ya kuyeyushia chuma, si ya kuzalisha umeme. Soko lake hutegemea viwanda vya chuma vya Marekani na vya nchi za nje, hivyo ajira hupanda na kushuka kufuatana na bei ya chuma duniani zaidi ya ahadi za mgombea yeyote. Wakati huohuo wengi hawapigi kura kabisa. Vijana wamehama, na waliobaki wamekumbwa na wimbi la dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, ambazo awali ziliandikwa na madaktari kwa watu walioumia kazini, kisha zikazaa uraibu na vifo.

Msomaji asidhani kwamba kuipigia kura Republican kumefuta desturi ya mshikamano. Februari 2018 walimu na wafanyakazi wa shule katika kaunti zote 55 waligoma, vuguvugu likiwa limeanzia kusini mwa jimbo, penye migodi, na waliporudi kazini walikuwa wamepata nyongeza ya mshahara ya asilimia 5 kutoka kwa bunge lililokuwa mikononi mwa Republican. Walimu wa McDowell walikuwa wakifanya kazi katika wilaya ya elimu ambayo jimbo lilikuwa limeichukua na kuiendesha lenyewe kuanzia 2001 hadi 2013.

Kazi mbadala iliyoletwa na serikali kuu ni gereza, lililofunguliwa karibu na Welch mwaka 2010. Wafungwa wake huhesabiwa na sensa kama wakazi wa McDowell, ilhali hawapigi kura humo, na wengi wao wametoka majimbo mengine. Kwa hiyo hata hiyo idadi ya 19,111 ni kubwa kuliko jamii halisi inayoishi mabondeni.

Februari 2025 mito ilifurika, ikaua watu, ikabomoa nyumba na barabara, na ikaharibu mifumo ya maji ambayo baadhi yake iliachwa na makampuni yalipofunga vijiji vyao. Rais alitangaza janga ili misaada ya serikali kuu itolewe. Misaada hiyo hutengeneza nyumba, lakini haibadilishi mahali zilipo: sehemu kubwa ya ardhi ya juu bado inamilikiwa na makampuni yenye makao nje ya kaunti, na makamishna watatu wa Welch hawana fedha za kuinunua. Kwa sababu hiyo familia nyingi zinazotaka kubaki hujenga tena palepale kando ya mto.