Subiri Kitenzi: Sentensi ya Kijapani kwa Anayeanza

Siku zangu za mwanzo Kyoto, mchana mmoja wa Agosti, nilisimama kwenye bomba uani mwa hekalu, koo limekauka. Mzee aliyekuwa akifagia majani akaniambia, "Sono mizu wa nome..." Neno mizu nalijua, ni maji. Hiyo nome nayo nikaitambua, inatokana na kunywa. Nikajua nimekaribishwa. Nikainama, nikakinga viganja, nikapiga funda mbili. Ndipo mzee akamalizia: "...masen yo!"

Hayanyweki. Angesema nomemasu, yangekuwa yananyweka. Habari nzima ilikuwa mkiani mwa sentensi, na mimi sikuingoja.

Kiswahili kisingenifanyia hivyo. Mtu akianza kusema "maji hayo ha...", hiyo ha- tu inatosha kukurudisha nyuma, hata kabla hujajua kinachokanushwa. Sisi ukanushi tunauweka mlangoni, Wajapani wanauweka uani. Ndiyo maana darasani kwangu somo la kwanza si salamu. Ni kungoja.

Vitabu vya kujifunzia husema Kijapani ni lugha ya kiima, yambwa, kisha kitenzi. Ni kweli, lakini mwanafunzi akikariri hivyo hukwama haraka, kwa sababu Wajapani wenyewe huchezesha hayo mawili ya mwanzo wapendavyo. Tazama:

Juma ga Asha ni hon o agemashita.
Asha ni Juma ga hon o agemashita.
Hon o Juma ga Asha ni agemashita.

Zote tatu zinasema Juma alimpa Asha kitabu. Mkazo unahamahama kidogo, lakini mtoaji ni yuleyule. Kisichohama ni agemashita: mwisho, mwisho, mwisho.

Sasa utauliza, kama maneno yanahama, nitamjuaje aliyetoa na aliyepewa? Jibu liko kwenye vile vijineno vifupi vinavyofuata majina, ambavyo Wajapani huviita joshi. Ga humwonyesha mtenda, ni humwonyesha aliyepelekewa, o huonyesha kilichotendwa. Joshi hubandikwa nyuma ya jina lake na haliachi. Jina likihama, huhama nalo.

Hapa ndipo Mswahili anapopaswa kugeuza mazoea. Kwetu majina "Juma", "Asha" na "kitabu" husimama matupu, na mzigo wote anaubeba kitenzi: a-li-m-p-a, mtoaji ndani, mpewa ndani. Kijapani kimefanya kinyume. Majina yamebeba mizigo yao, na kitenzi agemashita hakimjui mtu: ni hichohicho kwa nilitoa, ulitoa, walitoa. Wanafunzi wangu huhangaika kutafuta "ni-" na "wa-" ndani ya kitenzi wiki mbili nzima. Hazimo. Mara nyingi hata neno "mimi" halisemwi. Msikilizaji hulijua kwa mazingira.

Joshi moja litakufurahisha. Naenda sokoni ni ichiba ni ikimasu. Soko-ni, ichiba ni! Ni sadfa tu, lugha hizi hazina undugu, lakini itumie kukumbuka. Halafu uwe macho, maana -ni yetu ni pana kuliko yao. "Niko sokoni" ni ichiba ni imasu, sawa. Lakini "nanunua samaki sokoni" ni ichiba de sakana o kaimasu. Kama mahali ni pa kuwapo au pa kuelekea, tumia ni. Kama kuna shughuli inafanyika hapo, tumia de. Kiswahili kimetuzoesha kutotofautisha, kwa hiyo kosa hili huwafuata wanafunzi wangu hadi miaka ya mbele.

Jambo la maandishi nilipitie haraka: joshi wa (lile la mizu wa, nitalieleza punde) huandikwa kwa herufi inayosomwa "ha" kwingineko, o kwa herufi ya "wo", na e ya kuelekea mahali kwa herufi ya "he". Tahajia ya Kijapani ilirekebishwa mwaka 1946 ili ifuate matamshi, lakini hayo matatu yakaachwa na sura zao za zamani. Yakariri, usitafute mantiki.

Huyo wa ndiye anayewatesa wengi, hasa akiwekwa kando ya ga. Maelezo niliyofundishwa mimi yalijaa istilahi na hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni mama ntilie. Ukikaa kwenye benchi lake na wenzako, akiuliza nani anakula nini, utasema: "Mimi wali samaki." Hakuna anayedhani wewe ni wali. Umetaja tu kwamba sasa tunazungumza habari yako, kisha ukatoa jibu. Mjapani kwenye mgahawa husema vivyo hivyo: watashi wa unagi desu, yaani mimi mkunga. (Mkunga samaki, jamani, si wa kuzalisha.) Wanaisimu wa Japani wameijadili sentensi hiyo ya mkunga kwa miongo, na sisi tunaitumia kila siku saa saba mchana. Basi wa haimtafuti mtenda. Inaweka mada mezani: "ama kuhusu mimi..."

Ga nayo huchagua. Ukijitambulisha, sema watashi wa Asha desu, mimi ni Asha. Lakini mtu akiingia na kuuliza Asha ni yupi kati yenu, jibu ni watashi ga Asha desu: mimi ndiye Asha. Hiyo "ndiye" ndiyo ladha ya ga hapo. Kwa sababu hiyohiyo maneno kama dare, "nani", yakiwa kiima hayakubali wa: dare ga kimashita ka, ni nani aliyekuja? Huwezi kukiweka mezani kitu ambacho bado hujakijua. "Ndi-" haitakufaa kila mahali, lakini kwa mwaka wa kwanza ni fimbo nzuri ya kutembelea.

Hiyo ka ya mwisho ni "je". Nayo pia inakaa nyuma, bila shaka.

Kwa kweli karibu kila kitu kinaangalia upande huo: kinachoeleza hutangulia, kinachoelezwa hufuata. Ufunguo wa gari la rafiki ni tomodachi no kuruma no kagi. Yasome kutoka kulia uone kwamba ni maneno yetu yaliyopinduliwa: ufunguo, gari, rafiki. Nyumba kubwa ni ookii ie, kubwa kwanza. Kitabu alichonunua Asha ni Asha ga katta hon, kitabu kikaja mwisho baada ya habari zake zote. Ukikutana na sentensi ndefu usiivamie mwanzoni. Nenda mkiani, kamata kitenzi, kisha rudi nyuma kidogokidogo ukiuliza: nini? kwa nani? wapi?

Na kwenye kitenzi chenyewe utajisikia nyumbani. Taberu ni kula. Tabesaseru ni kulisha, au kumlazimisha mtu ale. Tabesaserareru ni kulishwa. Angalia mpangilio: -sase- kisha -rare-, kama yetu -ish- kisha -w-. Wanaotoka kwenye lugha zisizonyambua vitenzi huliona neno hilo kama jabali. Mswahili hucheka, maana amekuwa akisema "hawakulishwa" tangu akiwa mtoto. Tofauti ni kwamba sisi wakati na ukanushi tunavitanguliza, wao huvifunga nyuma: tabesaserarenakatta. Ile -nakatta ndiyo "haku-" yetu, imejificha kule ambako nilishindwa kungoja.

Wajapani nao wanajua sentensi zao zinachelewa kufika. Ndiyo maana anayesikiliza huitikia "hai... hai..." katikati ya maneno ya mwenzake, kama sisi tunavyosema "enhee". Anayeanza hudhani amekubaliwa. Hapana, ameambiwa tu "nakusikia, endelea". Kukubali au kukataa kunangoja kitenzi.

Basi chukua zoezi la wiki hii. Andika sentensi tano za jana yako, kila moja ikiwa na mahali na kitendwa, na kila jina likiwa na joshi lake. Kisha msomee mwenzako, usimame kabla ya kitenzi, akisie utamaliziaje. Mimi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza, nilianza na bomba.