Kidonge kimoja cha minyoo hakitibu lava wa tegu kichwani

Kwenye meza za kitimoto hapa Dar es Salaam, tegu akitajwa lawama zote huangukia nyama, na kachumbari iliyo pembeni ya sahani haishukiwi. Nyama ya nguruwe yenye lava, yaani tegu wachanga, isipoiva vizuri, humpa mlaji tegu wa utumbo. Lava wanaojificha kwenye ubongo na kuleta kifafa hutokana na mayai ya tegu yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu, ambayo hufika mdomoni kwa maji, kwa mboga mbichi au kwa mikono ya mwenye tegu asiyenawa atokapo chooni. Hata asiyeonja nguruwe maishani anaweza kuugua.

Dhana ninayoiona ya hatari zaidi ni kwamba dawa ya minyoo iitwayo albendazoli, ya miligramu 400, ile ya kumeza mara moja, humaliza kazi. Kwa lava walio hai ndani ya ubongo, dozi ya kawaida ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili, kwa siku 10 hadi 14. Mtu wa kilo 60 hufikia miligramu 900 kwa siku. Dawa humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri, na vifuko vya lava vikizidi viwili, daktari anaweza kuongeza prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo.

Je, mtu ajizidishie vidonge mwenyewe? Hapana, kwa sababu lava anapokufa mwili humshambulia, ubongo huvimba, na maumivu ya kichwa au kifafa vinaweza kuzidi siku za mwanzo. Ndiyo maana picha ya kichwa na uchunguzi wa macho hutangulia, na dawa za kutuliza uvimbe, deksamethasoni au prednisoloni, huanzishwa kabla ya dawa ya kuua lava. Aliyeanguka kifafa baada ya kumeza prazikwanteli ya kichocho naye apimwe kichwa badala ya kuambiwa amerogwa, kwani dawa hiyo inaweza kuwagusa lava ambao hakujua anao.

Kuna pia wanaodai kila doa kwenye picha lazima lipigwe dawa. Kifuko kilichokwisha kuwa kigumu kama chokaa kina lava aliyekufa, hivyo albendazoli haina la kufanya hapo. Mgonjwa huendelea na dawa za kifafa, na haziachi mpaka daktari aseme.