Volti 0.6 ndani ya tope la Kampala

Nikisema natia umeme kwenye tope la maji taka, watu huuliza: bakteria hawafi? Hawafi. Ni volti 0.6 tu, haifiki nusu ya betri ya redio.

Tangi la kuchachusha tope, kama yale ya Bugolobi, lina foleni ndani yake. Vijidudu vya mbele huvunja mafuta na protini, wanaofuata hutengeneza asidi, na wa mwisho huigeuza asidi kuwa methani, gesi inayowaka. Hao wa mwisho hukua polepole na ni wepesi kudhurika. Ijumaa moja tulilisha tangi letu dogo la majaribio shibe ya siku tatu kwa mpigo, tusije kazini wikendi. Jumatatu lilinuka siki, pH, kipimo cha asidi, imeshuka chini ya 6, na gesi hakuna.

Elektrodi, yaani vipande viwili vya kupitisha umeme vilivyozamishwa kwenye tope, hufungua njia ya pembeni. Kwenye anodi, kipande cha upande chanya, bakteria waitwao Geobacter hula asetati, moja ya asidi hizo, na kutema elektroni, chembe za umeme. Zinapita kwenye waya hadi katodi, kipande cha upande hasi, ambako vijidudu viitwavyo Methanobacterium huzitumia kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa methani. Asidi inapungua, gesi inakuwa safi zaidi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hujisifu mapema. Molekuli moja ya methani inadai elektroni 8. Kwa volti 0.6, moli moja (kama gramu 16) ya methani ya katodi inakula kilojuli 463 za umeme. Ukiichoma inatoa 890, lakini ukiipitisha kwenye jenereta utarudishiwa umeme wa kama 340 hivi. Hasara! Kwa hiyo methani ya katodi pekee hailipi. Faida, ikiwapo, inatokana na tangi kutozidiwa na asidi, na vijidudu kupata mahali pa kujishikiza.

Ndiyo maana kila tangi langu lina pacha wa kulinganisha: elektrodi zile zile, waya umekatwa. Mtu akikuletea matokeo mazuri, muulize kwanza pacha yuko wapi. Tena umeme hautafuni kuta za seli zilizojaa kwenye tope, na huko ndiko kazi inakokwama zaidi.

Kwa mifuko yetu, mimi ningeanza na mkaa. Vijidudu hupitishiana elektroni juu yake bila waya wala volti. Ila si huu wa sigiri: inabidi uwe umechomwa kwenye nyuzi 700 au zaidi, la sivyo haupitishi umeme. Nimeshautumbukiza kwenye tangi pacha. Jana nilitoa kipande kimoja, tayari kina utelezi wa vijidudu.