Roketi ya modeli si mfano wa roketi

Wanafunzi wanasimama mbele ya waamuzi wa mashindano ya roketi za modeli. Wanaeleza kwa nini mapezi ya roketi yao, yale mabawa madogo ya mkiani, yana ukubwa ule, parachuti itafunguka saa ngapi, na yai bichi walilolibeba ndani limekingwaje lisipasuke. Wakimaliza, mtazamaji anauliza kwa nia njema kabisa: "Sawa, na roketi yenyewe iko wapi?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno kila ninapowaonyesha watu video za mashindano haya.

Roketi yenyewe ndiyo ile. Roketi ya modeli ni roketi ndogo ya karatasi ngumu, plastiki na mbao nyepesi, yenye injini ya fueli yabisi iliyotengenezwa kiwandani. Hupaa, kisha hurudi chini salama ili irushwe tena. Sheria za Marekani zinaitaka isizidi gramu 1,500, na fueli yake isizidi gramu 125.

Kinachotupoteza ni neno "modeli", kwa kuwa tunalisikia kama "mfano", na mfano tunaujua: nyumba ya maboksi anayoibeba mchoraji ramani kabla nyumba haijajengwa. Lakini tazama maneno haya yalikotoka. "Roketi" imetufikia kupitia Kiingereza, na asili yake ni Kiitaliano, "rocchetto". Waitaliano huweka -etto mwishoni kuonyesha udogo, kama sisi tunavyoweka ki- mwanzoni tukapata kilima kutoka mlima. "Rocca" ni kijiti cha kushikia pamba au sufu wakati wa kusokota uzi. "Rocchetto" ni kijiti hicho kikiwa kidogo. Bomba la baruti la fataki lilifanana nacho, likapewa jina lake. Kwa hiyo roketi ya kwanza kuitwa roketi ilikuwa kitu kidogo cha kushika mkononi. Yale madude yanayokwenda mwezini ndiyo yaliyoazima jina baadaye. Hata "modeli" ni neno la udogo: mzizi wake ni "modulus" ya Kilatini, yaani kipimo kidogo.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu huko Norfolk, Nebraska, Marekani, alitengeneza roketi ya namna hii akitumia ujuzi wake wa fataki. Hakuchukua roketi ya jeshi akaipunguza.

Zipo, ni kweli, zinazojengwa zifanane hadi rangi na Saturn V, roketi kubwa iliyowapeleka watu mwezini. Hizo ziite mifano, hakuna ubaya. Ila timu zinazofika fainali za American Rocketry Challenge, mashindano ya roketi ya wanafunzi wa Marekani, huko The Plains, Virginia, hazinakili kitu. Zinapewa kimo cha kufikia na muda wa kukaa hewani, zinasanifu chombo chao, na ipo nafasi ya kuutetea usanifu huo mbele ya waamuzi. Mapezi yakiwa madogo kupita kiasi, kitovu cha msukumo wa hewa, yaani mahali nguvu ya hewa inapokusanyikia, kinapanda juu ya kitovu cha uzito, na roketi inapinduka angani. Hewa haijali kwamba aliyeyakata mapezi hayo ana miaka 14.

Basi ukikutana na timu kama hiyo, usiwaulize roketi yenyewe iko wapi. Waulize imepaa mara ngapi, na yai lilirudi vipi.